Mchokonozi

Amondi amerudi na fomu kutoka shuleni,
ya darasa la tano, visanduku vyembamba.
Kazi ya mama: hakuniuliza. Aliandika
"fundi wa majiko, Kibuye, Kisumu", akapiga nukta.
Kazi ya baba: hapo penseli ikasimama.

"Niandike mdukuzi?"
Hapana, mwanangu. Neno hilo redioni
halitembei bila polisi ubavuni.
"Basi niandike anatengeneza?"
Nikawaza huku nikimenya viazi vitamu.
Lugha yetu ni mvivu, au inajua kitu:
kutengeneza ni kuunda kisichokuwapo,
kutengeneza ni kuponya kilichokufa,
na baba yako hafanyi hili wala lile
mpaka kitu kimkatae kwanza.

Mimi huanza na bati. Nalipima kwa shubiri,
nalikunja, nalipiga, majirani wananuna,
jioni kuna jiko. Asubuhi halikuwapo.
Ukiniuliza nimefanya nini leo, naonyesha kwa kidole.
Obura huanza na hapana ya mtu mwingine:
simu iliyojifunga, redio iliyonyamaza,
kasha la marehemu ambaye hakuacha ufunguo.
Hukaa nalo kibandani Kondele, chini ya balbu,
na pini ya nywele (yangu, sikuambiwa),
akichokonoa kwa upole wa mtu atoaye funza.
Jioni hana cha kuonyesha.
Kilikuwapo, kingali kipo.
Ila sasa kinakubali.

Mwaka tuliooana nilimwita mchokozi.
Akanisahihisha: mchokonozi.
Silabi moja tu, akasema.
Silabi hiyo imenigharimu redio mbili
na pasi ya mama yangu.

Kisha ikaja ile mashine ya vifaranga.
Nyagilo aliileta kwa pikapu kutoka Ahero,
mayai mia mbili tumboni, yameanza kupoa,
na kioo chake kinadai namba ya siri
ambayo muuzaji alihama nayo.
Nikasema, nitakuundia sanduku jipya,
nipe siku nne.
Mayai hayana siku nne.
Obura hakusema lolote. Akaweka sikio kwenye ubavu wake,
akafungua mgongo, akavuta waya mwekundu
akaurudisha mahali usipotakiwa,
na saa nane usiku joto likapanda
kama mtu aliyeacha kununa.
Vifaranga mia moja sitini na watatu. Niliwahesabu mwenyewe.
Naungama nilikuwa na wivu:
hakuwa ameunda hata msumari.

Wiki hiyo hiyo nikalaza pipa nilikate.
Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe:
LA MAFUTA TU. LISITUMIKE VINGINE.
Nikasimama, patasi mkononi.
Miaka kumi na mitatu nimekuwa nikiyakata maneno hayo katikati,
nikipika chai juu ya LISITUMIKE,
nikiwauzia watu VINGINE kwa bei ya kuelewana.
Nani aliniruhusu?
Hata jiko langu lilikuwa hapana ya mtu.

Nikageuka nimwambie Amondi haya yote,
kumbe alishachoka kunisubiri.
Penye kazi ya baba ametoboa tundu
kwa ncha ya penseli, duara safi kabisa,
na jicho lake lipo hapo.
"Unaona nini?"
"Meza. Na siafu mmoja."

Nikakoroga unga na maji, nikakata karatasi,
nikaziba, nikalaza kitabu juu ikauke,
mwalimu asije akatuita.

Obura aliporudi hakuisoma fomu.
Aliinua kwenye mwanga wa taa,
akapapasa kiraka changu kwa ukucha,
taratibu, pembe hadi pembe,
akitafuta kinapofungukia.